Bodi Iliyogoma Parklands

Mpendwa Njeri,

Sisi huku Uthiru ni wazima, na goti la guka, babu yako, limepona. Umeniuliza kama niliwahi kukosea kazini.

Miaka ya elfu mbili, kwenye kampuni moja pale Parklands, niliandika programu ya kuamsha bodi, yaani kompyuta ndogo ya kupima joto la watoto njiti. Kila ikifika kusoma chipu ya joto, inagoma. Nikasema fundi wetu, Otieno, ameilehemu vibaya. Bosi akamfuta kazi.

Siku ya tatu nikagundua programu yangu ilisoma chipu kabla ya kuiwasha. Nikamwambia bosi, kisha nikaenda Kangemi kwa Otieno.

“Kosa lilikuwa langu.”

“Bosi anajua?”

“Nimeanza na yeye. Anasema urudi kazini.”

Akachukua koti lake.

Nakuombea,
Shosho