Bogna, Jivu Sasa Nalimwaga Njiani

Ni mwaka mzima sasa, Bogna binti yetu, tangu Mto Narew ukuchukue ukiwa na darubini shingoni.

Ulikuwa na huruma tangu udogo. Baridi ikianza tu, unamwomba bibi kipande cha mafuta ya nguruwe yasiyotiwa chumvi, unakining'iniza dirishani kwa ajili ya ndege wadogo. Kazini kwako, kwenye duka la mikate, ulikusanya makombo ya kuwapelekea bata wa mtoni. Mdogo wako Tymon akikutania: "Dada, hao hawakujui hata jina, wanajua mfuko tu." Nawe: "Afadhali wao. Wewe jina unalijua, na ukishiba hushukuru."

Jumapili ile ulikwenda kumtazama mdiria, yule ndege wa buluu anayekaa kwenye kinu cha zamani cha kusaga nafaka kando ya mto, ambako maji hayagandi. Njia ya ukingoni iling'aa kwa barafu. Nikakushika mkono mlangoni.

"Utavunjika mguu wewe! Shuka upite juu ya mto ulioganda, kule kuna theluji, hakutelezi."

"Mama, ungeweza ungenifunga kamba kama mbuzi."

"Ningekufunga, ndiyo. Pita chini!"

Ukacheka, ukapita chini. Ulikuwa mtoto wa kusikia.

Hapa kwetu sote hupita juu ya mto Januari, tangu enzi za babu zetu. Lakini wazazi wenzangu, nawasihi: theluji ni blanketi, chini yake barafu haikomai. Na bata wakijazana mahali, ni kwa kuwa maji yako wazi. Pembeni yake barafu ni ganda la yai. Msimwelekeze mtoto huko, hata kama njia inateleza.

Ndoo ya jivu la jiko ilikuwa pale pale mlangoni, Bogna. Niliisogeza kwa mguu ili upite. Ningelimwaga jivu lile njiani kuzuia utelezi, ungefika kinuni kwa njia ya ukingoni. Niliogopea mguu wako, nikasahau uhai wako.

Sasa kila asubuhi nalimwaga, kuanzia darajani hadi kinuni. Watu wanachafuka viatu, hawalalamiki. Mdiria bado yupo. Jana nilimwona, nikageuka kukuita.

Tunakulilia: baba yako Wacław, bibi Stefania, mdogo wako Tymon, nami mama yako, Halina. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.