Bastola Ndani ya Mkanda wa Jambia

Mjukuu wangu Zuwena,

Assalaamu alaykum. Sote hapa Azaiba tu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako akusalimu.

Wauliza kama mlinzi kama wewe ahitaji mafunzo, ilhali bastola ina kifungo cha usalama. Ujanani, harusini Bawshar, kaka yangu aliichomeka yake ndani ya mkanda wa jambia. Mimi, niliyefunzwa jeshini, nikamkataza.

“Muoga we! Nimeifunga,” akanicheka.

Tuliporukuu magharibi ikamponyoka, ikaanguka miguuni mwa baba yako, naye bado mtoto. Nikaikata sala, nikaiokota. Kumbe ala ya jambia imekisukuma kifungo kikafunguka, na risasi imo.

Sala tuliirudia; lau ingefyatuka, baba yako tusingempata tena. Dai mafunzo kazini, na hadi uyapate, usikubali kubeba bastola.

Mola akuhifadhi.

Babu yako