Hatua Ishirini na Tisa

Bandani, chumba cha matandiko
Jumatano, tarehe 29

Mdogo wangu mpendwa,

Tulipoteza ushindi Jumapili ya tarehe kumi na tisa, saa nane na dakika ishirini mchana, kwenye kikwazo cha saba. Nimeanza na hilo ili tusizungukane. Sasa nikusalimu.

Hujambo? Bega linaendeleaje? Mama kaniambia kwenye simu kwamba mtulinga umefungwa vizuri, kwamba unakula kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu, na kwamba farasi wakitokea kwenye televisheni unatoka nje. Nami ni mzima, ila nimechoka, uchovu ule wa kuamka nao. Farasi wetu Bwana Harusi naye hajambo. Kidonda cha goti la mbele kimekauka, anakula, na bado anatoka bandani shingo juu kana kwamba anapigiwa vigelegele.

Nina kinyongo nawe, acha nikitoe kwanza. Uliondoka na begi lako bila kuniaga. Farasi uliyempanda miaka mitano hukumshika hata pua. Tena ukamwambia fundi wa kwato kwamba umechoka kupanda kwa kichwa cha mtu mwingine. Maneno hayo yalinifikia kabla basi lako halijaondoka. Mimi niliingia banda hili na koleo mkononi. Nilizoa samadi miaka mitatu kabla sijaruhusiwa kugusa tandiko, na hesabu za uwanja nilijifundisha mwenyewe, nikiwa nyuma ya kamba, nikiwatazama makocha wanavyotembea kati ya vikwazo midomo ikicheza. Hatua nne za mtu ni hatua moja ya farasi. Toa mbili za kutua, toa mbili za kurukia. Ulipokuja ukiwa na miaka kumi na minne, nikawa nahesabu kwa ajili yetu wote wawili. Ni wewe uliyenipa jina la Futi, ukiwaambia watu kwamba hatua ya dada yako ni sentimita tisini hata akiwa usingizini.

Habari za hapa ni hizi. Jumatatu, siku moja baada ya wewe kuanguka, mama mwenye farasi alikuja hapa hapa chumba cha matandiko, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza kosa lilikuwa la farasi au la mpandaji. Akataka jibu moja, maana siku tatu nzima alikuwa amewaona mkiongoza: mwendo wa uwanjani safi, mbio za porini ndani ya muda, halafu kwenye kuruka, mahali ambapo hata kuangusha fito moja tusingepitwa, mkaanguka wote wawili. Nilimjibu. Nitakwambia nilijibu nini.

Wiki hiyo hiyo akamleta Pasi, yule wa banda la jirani, tunayemwita hivyo kwa jinsi suruali zake zinavyonyooshwa. Jana Jumanne nikawapangia vikwazo viwili, hatua zangu ishirini na nane, yaani sita kamili za farasi. Mara ya kwanza Bwana Harusi akafika karibu mno na fito, akaiangusha. Mara ya pili vile vile, na ya tatu. Nikamfokea Pasi mpaka sauti ikakauka. Akanijibu kwa adabu zake zote kwamba samahani, mama, lakini hapa ni pafupi. Fundi wa kwato, ameinama chini ya farasi mwingine na misumari mdomoni, akasema huenda Futi amesinyaa kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Wakacheka, nami nikacheka. Kisha fundi akaleta futi yake ya kweli na kuilaza chini. Palipungua mita mbili na robo.

Mdogo wangu, wao walishangaa. Mimi sikushangaa.

Tangu mwezi wa pili, goti langu lilipopasuliwa, nilijua. Nilijipima nyumbani kwenye korido, toka mlango wa jikoni hadi wa chumbani: hatua kumi, mita nane na sentimita ishirini. Nilirudia mara sita. Sikumwambia mtu, kwa kuwa kocha aliyepungukiwa na mguu anaambiwa akapumzike. Nikawa napunguza kichwani, hatua moja katika kila kumi, na mashindano manne ulipita bila kuangusha fito kwa hesabu hiyo ya kujificha.

Jumapili ile goti halikuuma. Makocha wenzangu walikuwa wamejipanga kwenye kamba, nami nikapita mbele yao bila kuchechemea, nikaona mguu wangu umerudi. Sikupunguza, kama ambavyo sikupunguza tena jana. Toka kikwazo cha sita hadi cha saba nilihesabu ishirini na tisa, nikakwambia ni sita za farasi na nafasi inabaki, kwa hiyo msukume. Kumbe ulipaswa kumshikilia. Nawe ulikuwa umeona. Uliniambia kwamba kwa macho yako ni pafupi. Nikakujibu kwamba macho hayana tarakimu. Ukaingia, ukafanya nilichosema, sawasawa kama nilivyosema. Nilikuona ukimsukuma. Kabla hamjafika, mimi nilishajua.

Na mama mwenye farasi aliponiuliza, nilitazama hatamu niliyokuwa naisafisha, nikamwambia kwamba ulichelewa kumshika.

Leo asubuhi nimemwambia ukweli, na tarakimu zote. Halafu akasema Bwana Harusi ni wako ukimtaka. Kuhusu mimi, ataamua baada ya mashindano ya mwezi wa tisa. Daktari alimwambia mama yetu kwamba mtulinga utakuwa umeunga wiki sita kabla ya hapo. Ukija, uwanja utaupima kwa miguu na macho yako mwenyewe. Mimi nitakaa kwenye kamba, na ukiniuliza ni ngapi, sitakwambia.

Barua hii nampa fundi wa kwato, kesho anapita huko. Usimrudishe na majibu ya mdomo, anaongeza chumvi. Msalimie mama, mwambie dawa za mgongo alizoniagizia nimeziona. Msalimie na shangazi. Mimi nisamehewe au nisisamehewe, hilo halina tarehe.

Hili lina tarehe. Majina ya mashindano ya mwezi wa tisa yanafungwa Ijumaa saa sita mchana. Nipigie kabla ya hapo, na usiniambie tutaona. Utampanda, au nimwandike Pasi? Ndiyo au hapana.

Ni mimi dada yako,
wa sentimita themanini na mbili