Mashine Uliyoniachia Mudzipela

Papa wangu mupendwa,

Leo nimefunga atelier, karakana yako, mapema, nikakaa kwenye kiti cha chuma ulichochomea mwenyewe, ili nikuambie jambo nililokuficha ulipokuwa hai. Mama iko nyuma ya nyumba, anapika sombe. Tumebaki siye wawili tu hapa Mudzipela, na katikati yetu tour yako, ile mashine ya kuchonga vyuma.

Unakumbuka siku uliyonifundisha hesabu zake? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mtu wa Tchomia alikuwa ameleta chuma kirefu cha kushikia helisi inayosukuma mtumbwi wake wa moteri. Kilikuwa na unene wa milimita arobaini, naye alitaka tukipunguze hadi thelathini na sita. Ulikuwa ndiyo kwanza umekifunga kwenye mashine wakati risasi zilipolia upande wa soko. Ulizima jenereta, ukafunga mlango wa bati, ukanivuta tukaketi chini, nyuma ya mashine, maana chuma chake kizito kingetukinga. Ilikuwa saa nane ya mchana.

Ukanipa kipande cha chaki.

"Andika," ulisema. "Kwa chuma kama hiki, kisu kinakata metre makumi mbili na tano kwa dakika. Zidisha na elfu moja. Sasa gawa na tatu nukta kumi na ine mara unene."

Niliandika kwenye sakafu ya sima, kati ya magoti yangu. "Mia moja tisini na tisa."

"Mizunguko kwa dakika. Mashine haina hiyo, iko na mia mbili. Weka mia mbili. Na kila ikizunguka mara moja, kisu kinasogea ngapi?"

"Milimita sifuri nukta mbili."

"Basi kwa dakika moja kinasogea arobaini. Urefu wetu ni mia ine."

"Dakika kumi."

"Dakika kumi kwa pasi moja, kisu kikipita mara moja. Kila pasi inatoa milimita mbili za unene, basi ni pasi mbili, dakika makumi mbili. Hapo mutu akikuuliza kazi itaisha saa ngapi, hautamudanganya."

Nikakuuliza tutakaa mule muda gani.

"Hiyo siwezi kuifanyia hesabu, binti yangu," ulisema, ukaufuta ubao wetu wa sima kwa kiganja, ukanipa chuma kingine cha kubuni, kinene zaidi.

Tulitoka kesho yake asubuhi. Tangu siku ile naijua kazi hii, na tangu siku ile harufu ya mafuta ya mashine inanibana kifua. Hilo sikuwahi kukuambia. Ulikuwa unajivuna mno mbele ya wateja: "Huyu binti anapiga hesabu kunipita."

Halafu tansiyo, shinikizo la damu, ikakulaza. Pale hospitali ulinishika mkono ukasema, "Ile mashine usiiuze. Ndiyo imewalisha. Uniapie." Nikaapa. Mkobani nilikuwa na barua ya shule ya juu ya ufundi ya Kisangani: walikuwa wamenikubali nikajifunze kubuni mashine. Nilikuja kukuonyesha barua ile, papa. Nikarudi nayo nyumbani, ikiwa bado imekunjwa.

Sasa ni miaka mine. Watu wananisifu kwamba nilichagua kazi ya baba yangu. Nikianzisha pasi siwezi kuondoka. Nasimama pale, nyuzi za chuma zinanidondokea kwenye viatu, nasikiliza motokari zinazokwenda uwanja wa ndege. Pasi ikiisha, naanza nyingine. Shule iliniandikia tena mwaka huu, mara ya mwisho.

Siku tatu zilizopita nilifanya nilichoapa kutofanya: nilimwita mnunuzi. Alitoka kule Fataki na lori lake. Aliipima mashine, akaupima mlango, akaipima tena mashine.

"Dada," alisema, "hii kitu iliingilia wapi?"

Sikujua. Mama ndiye alijibu. Alisema uliisimika mashine kwanza, kisha ukajenga ukuta kuizunguka, ili mutu asiweze kuiiba. Yule mwanaume akacheka, akasema atarudi Jumamosi tukiwa tumevunja ukuta.

Alipoondoka nilimwambia mama yote, kiapo na barua. Aliendelea kupepeta mchele wake.

"Papa yako alikuapisha siku alikuwa anaogopa," alisema. "Mutu akiogopa, anashika chenye kiko karibu. Alikushika weye."

"Na weye, mama? Utabaki na nini?"

"Nitabaki na nyumba. Ukuta ni matofali tu, fundi atajenga ingine. Weye hauko tofali."

Akaingia ndani, akaniletea nyundo kubwa.

Kwa siku tatu nimekuwa nikiizunguka ile nyundo kama mwizi. Leo mchana, kabla sijaketi kukuandikia, nimeishika. Tofali la kwanza lilikataa sana. Uliujenga vizuri, muzee. Nimetoa saba. Nimelia kwa kila moja, na sikuacha.

Nakuomba unifungue kiapo kile. Nakuomba kwa heshima yote, lakini sitangoja jibu. Wewe pumzika, papa. Kesho asubuhi nitabomoa yaliyobaki.

Ni mimi,
binti yako wa pekee