Mtungi Ulioondolewa kwenye Foleni

Nafula wangu,

Niaje? Ona sasa, nakusalimia kama vile utajibu. Nimeinuka kwenye hiki kiti sijui mara ngapi, chai imepoa, na majirani hapa Kawangware lazima wanadhani nafukuza panya. Ndiyo, nilihama Kibera tulipotoka kukuzika Bungoma. Kupita mlango wenu Laini Saba kila asubuhi kulinishinda.

Lakini ile programu yetu ya maji, tuliyoanza kwenye darasa la kompyuta kule Makina, bado naiendesha. Bomba likifunguliwa, lupu, ule mzunguko wa programu, inapitia majina ya ploti nzima, moja baada ya lingine, na kila mtu anapata meseji: maji yamekuja, leta mtungi. Ila ikifika kwako, meseji ilikuwa inarudi. Haijafika: Nafula. Kesho yake tena, haijafika: Nafula. Woi! Nikachoka. Nikaongeza mstari mmoja: ukikuta namba isiyopokea, iondoe, kisha endelea na inayofuata.

Najua unanicheka huko. Si ulinifundisha kwa mitungi, tukiwa tumesimama bombani? "Mwende, ukipitia foleni usiondoe mtungi. Ukitoa wa tatu, wa nne unasogea mahali pake, na wewe jicho lako lishaenda nafasi ya nne. Umemruka mtu, na mtagombana." Mimi nilikuwa naitikia tu, macho kwa mandazi.

Na aliyekuwa nyuma yako ni nani? Mama yako. Ulimwandika mwenyewe, hapo chini ya jina lako.

Maji yalikuwa yamepotea siku kadhaa. Yalipokuja, ule mstari wangu ukafanya kazi mara ya kwanza, na ploti yote ilichota isipokuwa yeye. Mtu wa kukanda chapati, bila tone! Na hakunipigia simu kunigombeza, heri angegomba. Nilipoenda kumwona Jumapili alinipa kiti, akaniuliza polepole, "Mwende, kwani mlinizika pamoja naye?"

Nafula, nililia kama mtoto. Nikapanga vikombe mezani kwake, nikatoa kimoja, nikasogeza vingine, nikamwonyesha jinsi lupu ilivyomruka. Akaangalia vikombe, akaniangalia mimi. "Basi mrudishe," akasema. "Yeye ndiye hunishikia foleni."

Nimekurudisha. Siku hizi hakuna anayeondolewa kabla lupu haijamaliza watu wote, na wewe huguswi kabisa. Ikifika kwako haitumi kitu, inapita, inaenda kwa Mama. Leo asubuhi maji yalikuja. Alinipigia mwenyewe, nyuma yake nasikia ndoo zikigongana, na kelele zote zile za watu wetu.

Moyo bado haujatulia, sitakudanganya. Nitainuka tena sasa hivi, nitembee hadi barabarani na kurudi bila sababu. Lakini kila Jumapili nitakuwa kwa Mama, hiyo nakuahidi.

Lala salama, dada. Nafasi yako iko pale pale, mbele ya Mama. Anayetaka kuiondoa aanze na mimi.

Mwende