Usijipake Dawa Niliyokutumia

S.L.P. 318
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kujuliana hali ndiko hutangulia, lakini leo salamu zitasubiri. Ile dawa niliyompa shemeji akuletee, kwenye kikopo cha mfuniko mwekundu, usijipake. Simu zenu hazipatikani tangu jana, ndiyo maana nimemkabidhi dereva wa basi barua hii.

Nakueleza kwa tarehe, kama zilivyo kwenye daftari langu. Tarehe 4 Mei hospitali walinipa tyubu mbili za majaribio ya dawa ya haya magamba yetu ya ngozi: ya bluu mkono wa kushoto, ya njano wa kulia. Moja ina dawa mpya, nyingine mafuta matupu, na hata muuguzi hajui ipi ni ipi. Tarehe 18 magamba ya kushoto yakaanza kupukutika. Tarehe 25 mteja aliniachia kichwa chake bila kuangalia vidole vyangu. Miaka kumi na moja ya ukinyozi, Dada, hilo halijapata kutokea.

Nikakukumbuka wewe unayevaa mikono mirefu hata kwenye joto. Tarehe 28 nikakukamulia nusu ya ile ya bluu. Kumbe tyubu hupimwa kwenye mizani kila tukirudi, na ya bluu ikaonekana nyepesi mno. Muuguzi akaniuliza, "Kaka, huo mkono ni wako au wa tembo?" Nikasema dawa ilimwagika. Tukacheka wote.

Jana mkono wa kushoto umetoka malengelenge, toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Daktari alinisimamishia dawa, kisha akauliza kama kuna mwingine aliyeitumia. Akarudia swali. Nikasema, dada yangu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mtafute."

Kama hujaigusa, funga kikopo na usikitupe, daktari anakitaka. Kama umejipaka, nenda hospitali leo hii hata kama ngozi imependeza. Mimi ilinipendeza wiki tano ndipo ikaniunguza. Waonyeshe barua hii. Usinisitiri; jina langu nimeshalitoa mwenyewe, na kwenye majaribio nimeondolewa.

Mama anakusalimu. Bandeji ameiona, sababu bado sijampa. Msalimie shemeji na mpwa wangu mtundu. Mungu akufunike.

Najua ulishakata tamaa na dawa, ni mimi niliyekubembeleza ujaribu tena. Una haki ya kunikasirikia. Ila nikasirikie ukiwa njiani kwenda hospitali.

Mdogo wako akupendaye,
Karani