Laini Inayokwama

Jumapili jioni, Nyansiongo.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa yamebaki manyunyu. Ng'ombe wamekamuliwa, mwanangu Moraa amelala mapema kwa sababu ya mafua, na mimi nimeketi mbele ya kompyuta nikiwa na roho mbaya. Nasema hivyo bila kujificha. Leo sina wema wa kumgawia mtu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo kazi yangu, nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa sababu mama mkwe wangu husoma Biblia ya Kikisii na hasomi kingine. Hata siku moja akija kuiwasha mashine hii, na hataiwasha, hataambulia kitu humu.

Nianze na laini, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Baba Moraa yuko Marekani, huu ni mwaka wa tatu. Kompyuta hii alimpa binamu yake aliyekuwa anarudi nyumbani, akaibeba kama yai hadi mlangoni kwangu. Mpango ulikuwa kwamba barua za posta zinachukua muda na nyingine hufika zimefunguliwa, basi tuandikiane kwa kompyuta. Inapiga simu Nairobi, inalialia kidogo, kisha barua zake zinaingia. Simu yenyewe ni ya baba mkwe. Alikuwa mkaguzi wa shule, akastaafu na heshima zake na simu yake, nayo iko sebuleni kwake. Waya ukavutwa kutoka huko, ukapita juu ya ua wa michongoma hadi kwangu. Nyumba mbili, laini moja.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Halafu miezi michache iliyopita laini ikaanza visa. Leo barua inaingia kabla sijamaliza kufunga kanga, kesho inatambaa, inasimama, inaamka, inasimama tena, mwisho inakatika na kuniachia nusu ya sentensi. Nilikuwa nasoma "nimekukumbuka sana, hasa" halafu basi. Hasa nini?

Nikamwita fundi wa simu kutoka mjini. Akapanda nguzo, akakata matawi ya mkaratusi, akashuka na kujipangusa mikono kama daktari. Akaniambia, "Madam, laini yenu iko fiti kabisa. Labda hiyo komputa imeingiwa na baridi. Huku kwenu kuna baridi mbaya." Nikamwandalia chai, akanywa na mkate wangu wote, akaenda zake. Mimi mjinga nikaihamisha kompyuta kutoka dirishani na kuifunika blanketi la mtoto.

Nikanunua waya mpya kwa Mhindi wa vifaa vya umeme pale Kisii. Nikafunga viungo vyote kwa karatasi za nailoni. Nikaacha kupiga pasi jioni, maana Mhindi alisema pasi inavuta umeme vibaya. Nikachunguza mvua: kukinyesha inakwama, kukikauka inakwama. Nikachunguza upepo. Nikaanza kuandika barua fupi fupi kama mtu anayelipia kila neno, na Baba Moraa akaanza kuuliza mbona siku hizi nimekuwa mkavu.

Jumamosi moja, yapata wiki mbili zilizopita, nikafanya dhambi. Boma zima likaenda kanisani, wote, hadi kijakazi. Mimi nikasema tumbo linaniuma. Siku ya Sabato, wakati wenzangu wanaimba, nikawasha kompyuta. Barua zikaingia moja baada ya nyingine bila hata kupumua. Nikakata, nikapiga tena. Safi. Nikarudia hadi nikaona haya. Kulikuwa na mawingu siku hiyo, na upepo, na pasi nilikuwa nimeichomeka makusudi.

Basi shida haikuwa hewani wala kwenye nguzo. Shida ilikuwa imeenda kanisani.

Mtu alikuwa anainua ile simu ya sebuleni wakati mimi niko kwenye laini. Ukiinua tu ule mkono wa simu, kompyuta inapoteza mwelekeo, na ukiendelea kuushika, barua inakwama hadi inakata. Na simu ile ni ya nani? Ni ya mzee. Huketi karibu nayo tangu jua likiwa juu hadi taarifa ya habari, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Nikajua ni baba mkwe, na nikajua pia kwamba nimekwisha. Sisi tuna ensoni, ile haya ya mkwe na mkwe. Nikikutana naye njiani mimi ndiye ninayeacha njia. Sebuleni kwake siingii akiwemo, na kwangu yeye hapiti mlango. Sasa nitoke vipi niende kumwambia mkwe wangu, mzee wa kanisa, kwamba anainua simu wakati mke wa mwanawe anaongea na mumewe? Hata kumtuma mtu ni kumvua nguo mzee mbele ya watu. Kuna wanawake kijijini hapa wamerudishwa kwao kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nikanyamaza. Nikajifanya nimezoea. Nikamchukia yule mzee kimyakimya, hadi chakula chake nikawa nakipeleka jikoni kwa mama mkwe bila hata kukifunika vizuri.

Jumatatu iliyopita ndipo mambo yakawa moto. Baba Moraa akaandika kwamba tumepata siku ya kuhojiwa viza ubalozini, mimi na Moraa, ili tumfuate, na ni Alhamisi hii inayokuja. Akatuma zile karatasi zake za kazi na za nyumba anayoishi, ambazo lazima niende nazo zikiwa zimechapishwa. Bila hizo tusijisumbue. Tukikosa siku hiyo, turudi nyuma ya foleni, na foleni yenyewe hakuna anayejua mwisho wake. Barua yenye picha za karatasi ni nzito, inahitaji laini itulie kwa kitambo kizuri. Jumatatu ikakata. Jumanne ikafika karibu na mwisho, nikaanza kushukuru, ikakata. Nililia nikiwa nimeuma kanga ili Moraa asinisikie.

Jumatano mzee akaenda Nyacheki, kwenye matanga ya rafiki yake, akalala huko. Nikasema leo Mungu amekumbuka. Nikarudi kutoka shule mbio, nikapiga simu Nairobi, barua ikaanza kuingia vizuri. Ikafika robo. Ikakwama.

Nilikaa pale nikiitazama kama mwendawazimu. Mzee yuko Nyacheki! Kisha nikainuka, nikavuka ua nikiwa na ndara mguu mmoja, na kwa kuwa mwenye sebule hakuwepo, nikaingia bila hodi.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya meza, ameushika ule mkono wa simu mbali na sikio. Hakuwa anasikiliza. Hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa ameushika tu, kama mtu anayeshikilia miguu ya kuku akingoja kisu kiletwe, na mlio wa kompyuta yangu ulikuwa unatoka humo mwembamba, unalia.

Aliponiona hakushtuka. Hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe.

"Mama, ni wewe?" nikamuuliza.

"Ni mimi."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote ninapokuwa karibu. Mzee akisimama kwenda nje, naushika. Akirudi, naweka." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniambia chumvi imeisha. "Nilijua utafikiria ni yeye. Na nilijua kwamba kwake hungefungua mdomo."

Yaani alinipima. Aliichukua ensoni yangu, heshima niliyolelewa nayo, akajificha nyuma yake kama nyuma ya pazia, na kuniacha nimchukie mzee asiye na hatia.

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia bila kuzunguka. Yeye ana mwana mmoja wa kiume, wengine ni mabinti na wameolewa. Mwana huyo anarudi kwa sababu mke na mtoto wako hapa. "Ukiondoka na Moraa, mimi nitabaki na nini cha kumrudisha? Ng'ombe? Ukivuka huko, yeye amekwisha. Wewe ndiye kamba yake, na mimi kamba sikati." Halafu akaongeza, akinitazama usoni, "Utakaa. Wengi wamekaa. Utazoea."

Utazoea.

Hapo ndipo nilipolisema. Sikulipanga, lakini sitajisingizia kwamba lilinitoka tu. Nililichagua. Nilitafuta mahali panapouma zaidi kuliko pengine pote, nikapaona, nikapiga.

"Mama, unajisumbua bure," nikamwambia. "Baba Moraa ameshaandika. Amesema hatarudi tena, hata kuwazika."

Ulikuwa uongo. Hakuwahi kuandika kitu kama hicho. Lakini kwetu mwana wa kiume asipoonekana kwenye kaburi la mamake, watu huenda nyumbani wakiongea chini chini, na yule mama hata akiwa ardhini ni kama hakuzaa. Ndilo nililomtupia.

Aliurudisha mkono wa simu mahali pake polepole, ukakaa kinyume, akaugeuza. Kisha akauliza kitu ambacho nakisikia hadi sasa.

"Ameandika kwa Kikisii, ama kwa Kizungu?"

Nadhani alitaka nafasi ya kujificha. Kwa Kizungu mtu anaweza kusema jambo asilolimaanisha, au mimi naweza kuwa nimesoma vibaya. Nilimwona akishika tumaini hilo dogo. Ningeweza kumwachia.

"Kwa Kikisii," nikasema.

Akaketi kwenye kiti cha mzee, kiti ambacho sijawahi kumwona akikikalia. Mimi nikatoka.

Tangu jioni hiyo laini imekuwa laini. Alhamisi karatasi zote ziliingia hadi ya mwisho, Ijumaa nikaenda nazo Kisii kwenye diski zikachapishwa kwa yule Mhindi, zimo ndani ya bahasha juu ya kabati. Mama mkwe hajaniambia neno baya. Ijumaa asubuhi aliniletea maziwa yeye mwenyewe, akaniachia hata yale ya kuuza. Jana kanisani, watu walipoulizwa mahitaji ya maombi, alisimama akaomba wamwombee mtoto aliye mbali. Akaketi kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nikitazama fundo la kitambaa chake.

Nilifurahi. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilikaa katika nyumba ya Mungu nikafurahi, na wimbo uliofuata niliuimba kwa sauti.

Jana baada ya jua kutua ndipo nikamwandikia Baba Moraa. Sikumweleza yaliyotokea. Nilimwomba tu aniambie atakuja lini kuwaona wazee, na aandike mistari miwili ya Kikisii nimsomee mamake. Nisijisifu, haukuwa wema. Nilitaka kuondoka hapa na jina safi. Nilifikiri nitamsomea, nitamwambia Jumatano nilikuwa na hasira, atalia kidogo, atanisamehe au asinisamehe, nami nitakuwa ndani ya ndege.

Jibu limekuja leo, likaingia lote kwa mara moja, halikukwama hata kidogo. Ameandika habari ya koti zito la Moraa, chanjo, kiti cha dirishani. Kisha, chini kabisa, kwa Kikisii safi cha nyumbani, ameandika kwamba kuhusu wazee ananisihi jambo moja. Yeye huko hatarudi. Amejaribu kujilazimisha ameshindwa, nyumba ile ilimtoa pumzi tangu utotoni, na hata kwa mazishi asingojewe. Nisimwambie Mama, itamuua.

Nimeisoma mara nyingi. Nimekata simu, nikapiga tena, kama kwamba barua ingeingia upya na maneno tofauti. Nimetamani ikwame. Nimetamani kwa mara ya kwanza mtu ainue ule mkono wa simu na maneno haya yakatike katikati, nibaki nikijiuliza "hatarudi" lini, hatarudi Desemba, hatarudi mwaka huu.

Sasa uongo wangu umekuwa kweli na mimi ndiye niliyeupeleka. Na sina tena cha kumsomea.

Muda mfupi uliopita mama mkwe amepiga hodi. Alikuwa amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu, maji yanamtiririka mabegani. Hakuingia. Amesimama kizingitini, akaitazama kompyuta nyuma yangu, kisha akaniuliza kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kinywani mwake kama leo Baba Moraa ameandika.

Barua ilikuwa imefunguka kwenye kioo. Ilikuwa kwa Kikisii. Nikasogea nikasimama katikati yake na mashine.

"Bado, Mama," nikamwambia. "Leo laini ilikuwa mbaya."

Akarudi nyuma hatua moja, akainua mikono yote miwili, viganja mbele, mvua ikavilowesha.

"Sijaigusa, mwanangu," akasema. "Naapa. Leo sijaigusa."

Nikamwambia najua.

Kesho atauliza tena.